Neno Nililolifuta Nampunga

Tingi, Kilwa
18 Februari, 1947

Dada yangu mpendwa Stefania,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji Evaristo na watoto mkiwa wazima. Na mwanao Lusia je, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia tangu Jumamosi nilipopata barua yako. Aliyekuletea hii ni Bwana Kondo, mwenyeji wa hapa Tingi. Atakuwa ametembea siku tatu, kwa hiyo mpe maji na mahali pa kukaa, lakini tafadhali usiinjike chungu kabla hujaisoma mpaka mwisho.

La kwanza, dada, hameni Nampunga. Hameni leo hii. Chukueni watoto, mbegu na mikeka, mpande kwenye kile kilima cha upande wa macheo chenye mikorosho. Najua nyumba mmeikandika juzi tu na udongo haujakauka. Iacheni hivyo hivyo. Huko bara mito imekwisha anza kufurika, na sijui barua hii itawahi au itachelewa.

Uliniandikia kwamba ninyi wa Likawage, kaya thelathini, mmehamishwa na serikali kwa sababu ya malale, na kwamba mmepewa mahali pazuri, tambarare, udongo mweusi ambao jembe linaingia lenyewe. Ukaandika pia kwamba umewatambia majirani kuwa ardhi hiyo ilipimwa na mdogo wako. Nilikuwa nasoma nimesimama mlangoni mwa ofisi. Nilipofika hapo nikarudi juu nikalisoma upya jina la mahali.

Kibao mlichowekewa kinasema Nampunga, lakini hilo ni nusu ya jina. Wenyeji walipaita Mbuga ya Nampunga, nao walihamishwa mwaka mmoja kabla yenu, ndiyo maana hapakuwa na wa kuwaambieni. Sisi tuliokulia Mtama tukisikia mbuga tunafikiria majani na wanyama tu. Kwa watu wa huku neno hilo likitangulia jina la mahali, ni onyo. Maana yake udongo wa hapo hupasuka kiangazi mpaka mguu unazama kwenye ufa, na masika hunywa maji, ukishiba, maji hubaki juu yake, mara nyingine kifuani mwa mtu mzima. Mbugani watu hulima mpunga, na wakilinda ndege hukaa juu ya dungu la miti. Kulala, hulala mlimani. Hakuna mtu wa huku anayejenga mahali panapoitwa mbuga, awe maskini namna gani.

Tulipima pale mwaka juzi, mwezi wa Septemba, pakiwa pakavu kabisa. Bwana mpimaji alikuwa mgeni wa nchi, na mimi ndiye niliyekuwa karani na mkalimani wake. Amri yake ilikuwa kwamba maneno kama mto, kilima na mbuga yasiandikwe kwenye majina, kwa kuwa ramani ina alama zake. Kondo ndiye aliyekuwa akishika mnyororo wa kupimia. Aliposikia jina limekatwa aliuweka mnyororo chini, akatia mkono kwenye ufa mpaka kiwikoni, akasema kuwa anayeliondoa neno lile anawaua watu.

Bwana akaniuliza huyu anasema nini. Nikamjibu kwamba anasema udongo huu unafaa sana kwa mpunga. Akauliza, basi mbuga ni nini? Nikasema ni uwanja mpana ulio wazi. Akafurahi, akaandika kuwa panafaa makazi. Kondo hajui Kiingereza, lakini alimwona bwana akitabasamu, akanikamata shati. Nikamwambia bwana kuwa mtu huyu ni mkorofi. Alifukuzwa kazi siku ile ile.

Jana nilikwenda kwa bwana huyo nikamweleza ukweli. Alisema ramani imekwisha pelekwa Dar es Salaam, na jambo hili litaangaliwa baada ya masika. Baada ya masika, dada! Ndipo leo asubuhi nikaja Tingi kumwomba Kondo, kwa kuwa sijui mtu mwingine anayeijua njia ile na anayeweza kutembea hivyo. Alinisikiliza nikiwa nimesimama uani, hakunikaribisha. Mwisho akasema ataipeleka barua, ila niandike na sababu, nawe uisome kwa sauti mbele ya watu wote, naye akiwapo. Sasa nimekaa barazani kwake, naye yuko mbele yangu ananitazama ninavyoandika.

Sababu ni hii. Mahali pa kuwaweka watu palikuwa pawili, mbuga ile na kilima kile cha macheo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwomba jumbe anigawie kilima, nikapanda mikorosho arobaini, kwa nia ya kujenga huko nikiacha kazi. Makazi yangepandishwa kule, mikorosho yangu ingekatwa. Ni hilo tu, dada, hakuna kubwa zaidi. Nilijua watu wataletwa. Nilijiambia watakuwa watu nisiowajua, na kwamba pengine maji hayaji kila mwaka.

Nisikudanganye tena. Sikukosa usingizi kwa ajili ya kaya thelathini. Nimekosa kwa sababu nililikuta jina la Lusia kwenye barua yako. Bila hilo ningekuwa nimenyamaza mpaka sasa, na naona aibu kuliko nilivyopata kuona aibu maishani.

Mikorosho ni yenu wote. Ikateni, jengeni, pikieni kuni zake. Watu wasiseme ni serikali, waambie ni Klementi. Na kesho ni Jumatano ya Majivu, lakini sitathubutu kwenda kupakwa kabla sijajua habari zenu.

Msalimie sana shemeji Evaristo, kama atazipokea salamu zangu, na watoto wote, na majirani ambao sistahili kuwasalimu. Kondo atangoja jibu. Kama hasira itakuzuia kuniandikia, mpe hata karatasi tupu aniletee, nijue tu kwamba mko juu.

Mimi mdogo wako,
Klementi