Mawe Yasiyotii Amri

Mpendwa Akello,

Hapa Kisumu hatujambo. Goti la bibi yako limetulia, na shangazi yako amejifungua mapacha.

Unauliza kama uyatupe mawe hai, yale ya baharini yenye viumbe ndani yake, ya tangi lako jipya la samaki wa maji ya chumvi, kwa kuwa yananuka. Usiyatupe.

Enzi za utawala wa wanajeshi nilikuwa fundi wa maabara Wandegeya, Kampala. Kapteni mmoja wa Nakasero aliletewa kutoka Mombasa mapipa ya maji ya bahari na mawe kama hayo kwa tangi lake la samaki, akaniita nimpimie maji. Alitaka samaki waingie kabla ya Jumamosi, wageni wake wawaone. Maji yalikuwa maangavu, lakini dawa ya kupimia iligeuka njano, dalili ya sumu. Viumbe waliokufa safarini walikuwa wakioza ndani ya mawe, na sumu yao ingeua samaki. Siku hizo kumkatalia mwanajeshi kuliweza kumpoteza mtu.

"Bado, afande," nilisema.

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka vijidudu vya kwenye mawe viongezeke, viimalize sumu. Haviharakishwi."

Alinikazia macho. "Kwa hiyo mawe iko inakataa amri yangu?"

"Ndiyo, afande."

Akacheka hadi akakaa chini. Kila nilipokwenda kupima, aliyapigia mawe saluti. "Mkubwa anasema nini leo?"

Alingoja wiki sita. Nadhani mtu yule, aliyeogopwa na kila mtu, alifurahi kupata kitu kisichomwogopa.

Nawe ngoja, pima, na sumu ikiisha anza na samaki mmoja.

Babu yako