Kibuyu cha Asali cha Sikukuu ya Wapendanao

Baba Yohana, mume wangu,

Naandika mwenyewe, kwa mkono huu. Nimesoma kisomo cha watu wazima hapa kijijini, usije ukadhani nimemwomba mtu. Na anayetaka kusoma asome, sina la kuficha.

Unamkumbuka yule katekista wa Ulemo? Alitusimulia kwamba zamani za Warumi mfalme alikataza askari wasioe. Padri mmoja akawafungisha ndoa kwa siri, akakatwa kichwa mwezi wa pili. Ndiyo ikawa sikukuu ya wapendanao, na Wazungu siku hiyo hupeana maua. Nikasema mbele ya kanisa zima, "Mtu kachinjwa, ninyi mnapeana maua!" Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Njiani ukaniambia, "Maua mbuzi watakula. Mimi nitakupa asali."

Tangu hapo kila ukirina mizinga ulibakiza kibuyu kimoja cha asali, ukakiziba kwa nta na kukifukia kwenye kihenge cha mtama. Mimi najua kilipo, najifanya sijui. Siku ikifika tunarudi kutoka kupalilia, matope hadi magotini, unachokoa asali iliyoganda, unanilisha kwa kidole pale mlangoni. Wanawake wakipita wananichokoza: "Mama Yohana, huna mikono?" Nawajibu, "Ninayo. Waume zenu wana vidole?"

Halafu kibarua cha mashamba ya mkonge kikakuita. Ulitaka fedha za mabati ya kuezekea, mtu mbishi wewe. Nilikuambia tembe letu halivuji. Lilivuja, lakini nilikuambia. Ukaniachia kibuyu cha mwaka ule: "Usikifungue. Tutakifungua wote."

Sikukifungua. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa vyombo vilipanda lori, kibuyu nilikibeba kichwani, kwa miguu yangu. Kila mwezi wa pili nilifagia mlango.

Wiki iliyopita Shabani, uliyeondoka naye, amerudi na blanketi lako.

"Mama Yohana, keti kwanza."

"Sema nimesimama."

Akasema ilikuwa homa, na kwamba walikuzika hukohuko kwenye mashamba ya mkonge. Nikakaa mwenyewe, chini, vumbini.

Mtu mzima hovyo! Nani alikutuma ukafie mbali? Hata udongo sikukutupia. Blanketi lenyewe nimelinusa, halina harufu yako, lina harufu ya safari tu.

Jana ilikuwa siku yetu. Mjukuu wako Anjelina, hukumwona huyu, akaniuliza kibuyu kina nini. Nikavunja nta. Nilitaka nikute asali imechacha, Baba Yohana, niimwage na kukutukana, yaishe.

Ni tamu. Ni tamu vilevile.

Nikamlisha mtoto kwa kidole, mlangoni. Naye akachovya chake, akasema, "Na wewe bibi, fungua mdomo." Nikafungua. Nililia na asali mdomoni, mzee mzima, majirani wanaona. Waone.

Lala huko walikokulaza. Mabati sikuyataka mimi.

Mkeo,
Mama Yohana