Nukta Iliyosimama Mbele ya Tarbaj

Musyoka,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu kati yangu na mimi mwenyewe, nakutangazia rasmi kwamba kampuni yetu imenunua birika la umeme. Ni la rangi ya fedha. Likichemka linanguruma kama lori linalopanda kilima, kisha linajizima lenyewe, jambo ambalo mimi na wewe hatukuliweza hata siku moja tukishaanza kubishana. Nimeliweka mezani pako. Usikasirike. Bisibisi zako ziko kabatini na hakuna aliyezigusa.

Mengi yamebadilika tangu tukuzike Mwingi. Kibanda chetu cha mabati pale stendi ya Garissa kimekuwa chumba cha mawe chenye feni. Mabasi yanayouza viti kupitia kwetu yameongezeka, na hata watu wa Sangailu wanapiga simu kuuliza njia yao itaingia kwenye programu yetu lini. Nawajibu kwa sauti nzito ya mkurugenzi: karibuni, inshallah. Wateja bado wanalipa kwa simu, halafu wanakuja kwa miguu mpaka ofisini kunitazama usoni wahakikishe kiti kipo. Ulisema wataacha. Hawajaacha.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe fundi simu, mimi wakala wa tiketi mwenye kalamu isiyoandika. Mwende wako alikuwa anarudi kutoka shule ya bweni, basi halikufika, na pale stendi hakuna aliyejua lilipo. Tulikaa juu ya magunia ya vitunguu mpaka miguu ikafa ganzi. Nikakwambia utulie, walio ndani ya basi hawajambo. Ukaniita kwa Kisomali kama kijana wa mtaani, ukanijibu, "Warya, wao wanajua walipo. Waliopotea ni sisi." Hatimaye basi likaingia. Mwende akashuka na usingizi wake, akashangaa kwa nini baba yake anamkumbatia mbele za watu.

Kesho yake ukaanza kujifunza kuandika programu kwa video, simu umeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilidhani umepata kichaa. Nilichanga pesa zangu kwa sababu niliona haya kukukatalia. Siku hizi watu wanasema nilikuwa na maono.

Basi, kukata tiketi bila kupanga foleni walikupenda, lakini walichopenda zaidi ni ile nukta yako ya kijani kwenye ramani ya simu, inayoonyesha gari lilipo. Ulisema sasa wazazi watalala. Musyoka, hawalali! Zamani mtu akishapanda basi familia inamkabidhi kwa Mungu, inarudi kazini. Sasa mama mzima anaacha chungu motoni anaitumbulia macho nukta. Ikisimama tu, simu, na mimi ndiye adeer, ami wa wote: "Adeer, basi limesimama! Mbona limesimama?" Wanaswali, mama. Nikachoka kujibu, nikaomba tuongezewe ujumbe ninaoubonyeza mwenyewe: "Abiria wanaswali." Simu zikanyamaza. Nikaupenda ujumbe ule kupita kiasi. Ngamia wamelala barabarani, wanaswali. Pancha, wanaswali. Kwa ushahidi wa programu yetu, hakuna wasafiri wachamungu kama wetu duniani.

Sasa nikwambie ninachokizunguka tangu nianze kuandika. Mwende amepata kazi ya ualimu, na wamempanga Takaba, mbali huko kaskazini kupita Wajir.

Najua.  Unajua wazazi wa walimu kutoka bara wanaogopa nini kwenye njia ile: wenye bunduki wanaosimamisha basi na kuwatenga wageni. Mengine sina haja ya kukuandikia. Mimi ndiye niliyemkatia kiti, dirishani, nyuma ya dereva. Mwende mwenyewe alikuwa anacheka: "Adeer, nimezaliwa Garissa. Kisomali changu kinashinda Kiswahili chako." Mama yake hakucheka. Aliniambia, "Baba Ifrah, nakukabidhi mtoto." Nikajibu aniachie mimi, utadhani usukani nimeushika mimi.

Walilala Wajir salama. Asubuhi wakaondoka, nukta ikaipita Tarbaj, ikasogea mbele kidogo, ikasimama. Mtandao ukikatika huko huwa inasimama, halafu inaruka mbele. Safari hii haikuruka. Nikampigia kondakta, hapatikani. Dereva, hapatikani. Mwende, hapatikani. Na kabla simu za wazazi hazijaanza, kidole changu kikaenda chenyewe kikabonyeza: "Abiria wanaswali."

Haikupita muda, Mama Mwende akaingia ofisini na kandambili zisizofanana.

"Baba Ifrah, saa nne asubuhi wanaswali swala gani?"

Mama wa kanisani, Musyoka, lakini amekaa kwetu miaka mingi kiasi kwamba adhana anaijua kuliko mimi. Nilifungua mdomo nikitafuta la kusema, labda matope, labda mitambo. Likatoka moja tu: "Sijui, Mama Mwende."

Nilidhani atapiga kelele. Alivuta kiti chako akakaa. "Haya," akasema, "sasa tuko wawili tusiojua." Kisha akauliza kama kuna chai. Kampuni ya kisasa, feni inazunguka, na hatukuwa na hata kikombe.

Wazazi wengine wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wakakaa sakafuni. Kila niliyekutana naye tangu siku ile nimemwambia kwamba nilikuwa mtulivu. Wewe siwezi kukudanganya. Nilijifungia chooni nikalia, na nikakulaumu. Nikakuuliza kwa nini ulitutengenezea kitu cha kutuonyesha basi limesimama, ukafa bila kutuonyesha limesimama kwa nini. Niliporudi nikasema nimeenda kunawa uso. Mama Mwende akanipa ncha ya leso yake nijikaushe. Alijua maji yale si ya bomba.

Kumbe ilikuwa laga tu, lile korongo lililokauka mwaka mzima. Mvua ilinyesha mbali, maji yakashuka yakafunga barabara, na basi likangoja ukingoni pasipo na mtandao. Ilipofika adhuhuri wakaswali kweli, na hatukuwa na habari. Wafugaji wakawaletea maziwa. Maji yalipopungua, nukta ikaruka kama chura na ofisi nzima ikasimama. Mwende akapiga: "Adeer, kwani mnalia nini?"

Kesho yake nikanunua birika.

Na ule ujumbe wa swala sasa unatokea wakiswali kweli tu. Nukta ikisimama na hatujui sababu, inaandikwa: "Hatujui bado. Njoo tungoje pamoja." Wataalamu wa Nairobi wanasema hakuna kampuni inayowaambia wateja hivyo. Huenda. Lakini watu wanakuja, wanakaa, wanakunywa chai. Hofu yenyewe haijapungua, nisikudanganye. Kila basi likitoka moyo wangu unapanda nalo, bila tiketi.

Mwende anarudi likizo ikifika. Nakuahidi nitakuwa hapa, karibu na kiti chako. Nikijua alipo, nitamwambia mama yake. Nisipojua, nitamwambia sijui, kisha nitawasha birika.

Kwaheri, Musyoka. Pumzika. Kungoja tuachie sisi.