Kimya cha Chaneli ya Pili

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Nimefika kambini mgodini, upande wa Geita, na redio kumi na mbili za mkononi. Mwajiri wangu Jashvant, mwenye duka la redio Shinyanga, aliniagiza: Mama Limi, wapangie chaneli, hakikisha wanasikizana, kisha urudi. Kibali kina chaneli mbili tu. Nimeamua: ya kwanza madereva wa malori, ya pili watu wa baruti peke yao. Baruti na soga za madereva — hapana! Mwanangu Limi nimemwacha nyumbani, Ngokolo, kwa mama. Alilia sana.

Jumanne, 4 Novemba

Kuna watu wengine chaneli ya pili! Nadhani wachimbaji wa ng'ambo ya kilima. Mmoja kasema "piga, piga" — Makoye, fundi baruti wetu, karuka akidhani ni amri ya kulipua. "Mayu," kaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "hawa watatuua!" Nimeziwekea redio zetu mlio wa siri: redio haitoi sauti mpaka isikie mlio wa mwenzake. Sasa shwari. Bwana Januari, mkuu wa kambi, kanisifu mbele ya watu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mungu wangu.

Leo mlipuko wa majaribio. Mageni, mama mmoja kutoka kijiji cha Samuye anayezuia barabara ya chini kwa bendera nyekundu, alisema barabara safi. Halafu ng'ombe wakatokea vichakani, na mzee anayewachunga. Mageni akaita redioni: subiri! Mara tatu. Makoye hakusikia kitu. Akalipua.

Ng'ombe mmoja kafa. Mzee yu hai, jiwe lilimpita hatua mbili. Nilimkuta Mageni amekaa chini, redio bado mkononi. "Niliita, Mama Limi. Wallahi niliita!" Januari anasema mama huyu hakubonyeza kitufe. Watu wote wakamgeukia.

Na mimi nikanyamaza. Mimi, fundi!

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejaribu. Redio moja nimeiondolea mlio, nikaiweka kando ya redio ya Makoye. Wale watu wapo! Wanaongea vilevile. Mlio haukuwafukuza — umetuziba masikio tu. Wakiongea wao, sauti ya Mageni inamezwa. Makoye anasikia kimya, anadhani ni salama. Kimya nilichokitengeneza mimi.

Nimekwenda kwa Januari. Nikakiri: kosa ni langu, si la Mageni. Nikaomba kesho baruti wahamie chaneli ya kwanza, malori yanyamaze nusu saa. Kagoma! Wakubwa wanakuja kutoka Dar, malori lazima yaongee. "Redio zimetulia, usizichokonoe." Mlipuko usogezwe basi? Hataki hata kusikia.

Mageni alikuwa mlangoni, kasikia yote. Nilidhani atanitukana. Kanishika mkono tu, mkono wake baridi. Kesho yuko barabara ileile.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne kasoro dakika kumi. Mlipuko mkubwa ni saa nne kamili. Nimekaa nyuma ya tangi la maji, naandika ili mikono iwe na kazi.

Mageni kasema barabara safi. Wakubwa wako turubaini na kofia zao mpya. Redio yangu isiyo na mlio hii hapa sikioni — wale watu wameanza tena, wanabishana juu ya pampu, hawapumui! Akiita Mageni sasa, hakuna atakayemsikia.

Mashine ya kulipulia haifanyi kazi bila ufunguo. Makoye aliuacha juu ya kreti alipokwenda kuwasalimia wakubwa. Sikufikiri. Ninao, umelowa jasho.

Nitafukuzwa. Labda polisi. Limi, mwanangu!

Saa nne kamili. Januari anafoka. Makoye anapekua kreti, anapekua mifuko yake. Kaniona. Anakuja.

"Mayu, unao wewe?"

Namwonyesha kwa kalamu — kule chini, barabarani. Bendera nyekundu inapungwa, inapungwa, Mageni anaruka nayo, redio mdomoni. Na redio kiunoni mwa Makoye — kimya kabisa.