Ripoti ya Kweli kuhusu Beki Mumba

Lubumbashi, Annexe
Jumatano, baada ya kazi

Kwako Yaya, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Mgongo wako unaendeleaje? Barua ya mwezi uliopita uliandika kwamba unalalia upande mmoja tu, kisha ukajaza karatasi nzima kwa maswali juu ya Mumba. Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Ziwa limepanda mpaka wapi mwaka huu? Mimi ni mzima. Macho tu yananiuma. Kusahihisha makosa ya watu wengine kutwa nzima kwenye matbaa kunachosha kuliko kupasua kuni, hasa wenye makosa wanapokuwa mabwana waliovaa vizuri wanaokukasirikia kwa kuwaonyesha. Mvua zimekwisha na baridi imeanza. Mahindi ya nyuma ya nyumba nimeyavuna peke yangu kwa asubuhi mbili.

Barua hii isome kwanza ukiwa peke yako. Halafu Jumapili, mashabiki wakikusanyika penye vichanja vya samaki kama kawaida, wasomee kwa sauti, yote. Najua kuna mahali utataka kuruka. Usiruke.

Ninyi mlinifanya jicho lenu. Timu yetu ilipomtoa Mumba kwa mkopo wa msimu mmoja, aje kucheza katika timu ya karakana hapa mjini na kuzoea watu wazito, mliniandikia kwamba kocha wa hapa hamtamsikiliza kwa sababu atataka kumng'ang'ania, na redio hamtaisikiliza kwa sababu haijui hata jina lake. Mtamsikiliza Chola, mkasema, maana Chola ni mtoto wa kwetu Pweto na hajui kumbembeleza mtu. Kila mwezi mkaniuliza: amefika wapi? Arudi au abaki? Kila mwezi barua yangu ikasomwa, mkapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mikono ikaenda kule nilikoielekeza.

Basi nianze na beki mwenyewe.

Alipofika alikuwa na miguu tu. Kila mpira uliomkaribia aliurukia. Alikuwa akilala chini mara nyingi mno, hata mashabiki wa hapa wakampa jina la Mukeka. Mechi yake ya kwanza nilisimama nyuma ya kamba, upande wa jua, mahali pa sisi tusio na koti la heshima. Kabla ya mpira tuliimba na kucheza kukisifu Chama tawala, kama amri inavyotaka, mpaka wachezaji wenyewe wakachoka kusubiri. Mpira ulipoanza, Mumba akateleza mara tatu katika dakika chache, na mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Mukeka, amka! Kitanda iko ku nyumba!" Watu wakaangua kicheko. Nilimgeukia yule mtu nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa yatasomwa mbele ya akina mama.

Lakini alikuwa na haki. Wakati ule nilipowaandikia kwamba bado, ilikuwa kweli.

Sasa sikilizeni. Mvua za kwanza za msimu huu ziliponyesha, kijana alikuwa ameacha kuruka. Mshambuliaji akimjia, anarudi nyuma hatua mbili, anamfungulia njia ya pembeni kama mtu anayemkaribisha mgeni, na mgeni akishaingia anakuta hakuna mahali pa kwenda. Amejifunza kusema. Zamani alicheza kimya kama mtu aliye kanisani. Siku hizi unamsikia kutoka upande wa pili wa uwanja, anampanga beki wa kushoto, anamkaripia kipa aliyemzidi miaka kumi. Akipokonya mpira haupigi ovyo kwenda mbinguni. Anainua kichwa kwanza. Kocha alimpa mechi moja, akampa ya pili, na tangu hapo hajamtoa.

Siku timu ya karakana ilipocheza na vijana wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, walikuwa na mshambuliaji mmoja mrefu ambaye magazeti yalimsifu wiki nzima. Magazeti hayo mimi niliyasahihisha, kwa hiyo najua yalivyomsifu. Mumba alimfunika toka mwanzo hadi mwisho. Mpira ulipokwisha yule mrefu alikuwa anacheza karibu na kamba, mbali na goli, kama mtu anayetafuta basi la kurudi nyumbani.

Baadaye tulikaa kwa fundi Kabeya. Huyu ni Mkasai, fundi cherehani jirani yangu, mtu wa maneno kama mimi, na benchi lililo mbele ya duka lake ndilo mahakama ya mpira ya mtaa wetu.

"Sitwayen Chola," akasema, kwa lile neno la "raia" tunaloamriwa kuitana, "uyu mutoto yenu iko beki ya kweli sasa."

"Bado," nikamjibu.

"Bado nini? Ule murefu alimupita mara ngapi? Hata moya!"

"Kona ya pili alichelewa."

"Alichelewa!" Kabeya akawageukia wengine kwenye benchi. "Bantu, musikie. Uyu baba anasomaka magazeti mingi, macho yake imeisha ku karatasi. Mama mwenye kuuzishaka mandazi ku mulango ya stade, yee mwenyewe alisema: leo Mukeka amefunga duka. Weye tu njo haukuona?"

Nilibishana naye karibu saa nzima. Mnanijua. Nilitaja mabeki wa zamani, nikataja makosa ambayo hakuna aliyeyaona, nikachora uwanja kwenye vumbi kwa kijiti. Mwisho akainua mikono akarudi kwenye cherehani yake. Nilimshinda. Na kila neno nililomshindia lilikuwa la uongo, Yaya, na nililijua nikiwa nalisema.

Siku iliyofuata niliwaandikia yale yale: bado, hajaiva, kona zinamshinda, aongezewe muda. Mwezi uliofuata nikarudia. Mlipouliza kama arudi kwa ajili ya mechi ya mwisho ya kombe, nikajibu kwamba mkimwita sasa mtamharibu. Niliandika kwa ukali, ili mtu yeyote asithubutu kunipinga. Mikono ikanyooshwa.

Mtauliza kwa nini. Naona wengine wameshaanza kusema nimehongwa na kocha wa hapa. Ingekuwa hivyo ingekuwa rahisi zaidi kueleza.

Tangu mke wangu afariki, chumba hiki kina kiti kimoja kinachokaliwa. Mumba alipokuja, kila Jumapili baada ya mechi alifika kwangu. Alileta unga kidogo wa posho anayopewa karakanani, mimi niliusonga kuwa bukari, nikapika na samaki mkavu wa nyumbani, na tukila alianza kunirudishia mechi yote juu ya meza kwa vizibo vya chupa. "Tata, hapa nilisimama miye. Ule akakuja hivi." Nilikuwa napinga kila alichosema, kwa furaha. Aliniita Tata. Hakuna mtu mwingine katika mji huu anayeniita hivyo.

Na kuna jambo la pili, nalo linawahusu ninyi. Kabla ya Mumba nilipata barua moja kutoka kwenu kwa mwaka, na mwaka mmoja sikupata. Tangu aje, kila mwezi Mama Ngosa akishuka kwenye lori na magunia yake ya samaki, ana bahasha yangu kifuani. Nilielewa haraka: siku Mumba atakaporudi, bahasha zitakwisha. Mimi ninayewagombeza wahariri kwa sababu ya neno moja lisilo sawa, niliandika uongo mwezi baada ya mwezi ili nisikae peke yangu.

Kilichofuata mnakijua kuliko mimi. Mliingia kwenye mechi ya kombe na mzee Kapembwa katikati ya ulinzi, na goti lake bovu sote tunalijua. Mimi habari nilizipata kwa Mama Ngosa, hapa sokoni, na Mumba alikuwa amesimama kando yangu, tumekuja kununua samaki.

"Goti ilitoka," Mama Ngosa akasema. "Hakukuwa kitanda ya kumubebea, bakang'oa mulango ya nyumba ya jirani, bakamulalisha pale. Mpaka leo hawezi kusimama mu bwato na kutupa wavu."

Mumba akauliza kwa nini walimchezesha mzee na mguu ule.

"Juu yako," akamjibu. "Kule banasema weye haujaiva. Njo maana."

"Nani alisema?"

Mama Ngosa ndiye anayebeba barua zangu, na Jumapili hukaa mstari wa mbele zinaposomwa. Aliniangalia. Halafu akainama akaanza kupanga samaki wake waliokuwa wamepangwa tayari.

Tulitembea mpaka karibu na nyumba. Hapo akasema, "Tata, ni weye?"

"Ni mimi."

Nilijiandaa kwa hasira. Hasira ninaijua, nayo najua kuijibu. Lakini kijana aliniuliza, taratibu, kama anavyoniuliza kila Jumapili juu ya vizibo, "Uliona nini mubaya? Uniambie, nitengeneze."

Yaya, miaka yote hii kazi yangu ni kuona kosa. Nilitafuta hata moja la kumpa, sikulipata.

"Hakuna," nikasema.

"Sasa juu ya nini?"

"Juu ya Jumapili," nikamwambia. Alinielewa, nadhani, kwa sababu hakuuliza tena. Alinipa samaki niliokuwa nimemwachia kubeba, akageuka akaenda.

Jumapili mbili hakuja. Zote mbili nilipika bukari ya watu wawili. Ya kwanza nilimwitia Kabeya, akala, akaniuliza mtoto yuko wapi, nikamweleza yote. Mtu yule ambaye huniachia neno la mwisho kwa shida alinawa mikono tu na kusema, "Chola, weye uliniumiza kichwa saa nzima juu ya kona, na ulijua?" Tangu siku ile tunasalimiana, lakini benchi lake sijalikalia.

Jumamosi iliyopita, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, nikiwa bado na matope ya mtaro miguuni, Mumba alisimama mlangoni. Hakuketi. Aliniambia kwamba timu ya karakana imemaliza mechi zake, kocha amemruhusu, na lori la Mama Ngosa linaondoka Alhamisi. "Andika ingine," akasema. "Andika yote, na ya Tata Kapembwa. Miye mwenyewe nitaibeba." Nikamuuliza kama haogopi nitaandika tena vibaya. Akatikisa mabega. "Safari hii nitakuwa pale banaposoma."

Kwa hiyo hii ndiyo ripoti yangu, na aliyeileta amesimama mbele yenu. Beki Mumba yuko tayari. Alikuwa tayari tangu mvua za kwanza. Mpeni nafasi ya Kapembwa, na mpelekeni kwa Kapembwa jioni akamsikilize, maana kuna mambo mzee yule anayajua ambayo hakuna karakana inayoyafundisha. Gunia la mahindi lililo ndani ya lori ni la Kapembwa. Halilipi goti. Mwambieni asinishukuru, na akitaka kunitukana amwambie mwalimu aandike, nitasoma kila neno.

Na ninyi pia mna kosa, msidhani nimekuja kupiga magoti tu. Mji mzima wa mashabiki, wenye midomo mikubwa kuliko wavuvi wote wa ziwa, mlimpa mtu mmoja macho yenu mkaenda kulala. Hakuna hata mmoja aliyepanda lori kuja kuona. Hakuna aliyemuuliza Mama Ngosa, ambaye alimwona akicheza mara mbili. Huo ni uvivu, na uongo wangu uliota humo vizuri. Safari nyingine mkimtoa kijana kwa mkopo, tumeni macho mawili yasiyopendana.

Msalimie shemeji, mwambie dawa ya kikohozi ipo kwenye mfuko wa Mumba, ndani ya soksi. Nisalimie mama yetu mdogo aliyenifundisha kusoma, usimfiche barua hii. Msalimie mwalimu anayewaandikia wasiojua, na binti yako mkubwa aliyejifungua; sijaambiwa mtoto ni wa kiume au wa kike. Kwa Kapembwa sitaki kutuma salamu kwa kinywa cha mtu. Nitakapopata ruhusa ya kazi nitakwenda kwake mimi mwenyewe.

Vizibo bado viko mezani, jinsi alivyoviacha Jumapili ya mwisho aliyokula hapa. Mkinijibu, barua isianze na Mumba. Mnaye hapo, mtamwona kwa macho yenu. Anza na mimi, Yaya. Niulize nimefika wapi.

Mdogo wako,
Chola