Buni Mbele ya Kamera

Dada Zuhura,

Salamu toka Nshamba, kwenye mvua na matoke kutwa mara tatu. Jana tumewasha ule mtandao wa kasi wa watafiti. Picha za migomba inayonyauka zilifika Ubelgiji kabla sijavuta pumzi, na profesa wa huko akatokea kwenye skrini akiwa na maswali tele.

Ma Kokubanza, mwenye kibanja, yaani shamba lenyewe la migomba, hakujibu hata moja. Alisogeza kikapu cha buni za kutafuna mbele ya kamera, akangoja.

"Ma, hazipiti humo," nikamwambia.

"Basi na yeye hajaingia kwangu. Mgeni hutafuna kwanza, ndipo tuongee."

Nikatafsiri kwa aibu. Mtandao wa kasi kuliko yote niliyowahi kufunga ukakaa robo saa ukimsubiri mzee wa watu apekue makabati ya jikoni kwake. Akarudi na buni mbili, akatafuna amekunja uso.

"Karibu," akasema Ma, akamweleza mgomba mmoja mmoja mpaka profesa akaomba ruhusa akale.

Msalimie mama, nimewakumbuka. Hapo pembeni nimebandika buni mbili kwa selotepu. Usinijibu kabla hujatafuna.

Mdogo wako,
Hamisi