Hendeli ya Mzee Zaidi

Chanika, Handeni
Jumapili, baada ya misa

Mtani wangu Mhina,

Salaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani kwako Makuyuni, magoti yakiuma kwa kiasi cha kuvumilika, na mama Mwantumu akiendelea vizuri na sukari yake. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka themanini na nne. Maji ya bomba hatujayaona tangu Jumatatu, na najua utasema Mnyamwezi na kuoga wapi na wapi. Mwaka huu ni wa arobaini na tano tangu nihamie hapa, na bado alfajiri nategea sikio treni ya Mnyuzi, ambayo haijawahi kupita Handeni.

Binti yako Yusra alinipigia simu Alhamisi. Nilishika nusu ya maneno, mjukuu wangu Salome akanirudishia nusu nyingine. Kwamba mlipobomoa jiko la zamani la marehemu baba yako mmekuta hendeli ya kuwashia gari la bwana mkubwa, imefungwa kwenye gunia la mkonge. Kwamba yuko mwanamke fundi anayeitafuta. Na kwamba umekwama: ukiitoa, umekiri mwenyewe kwamba mzee Zaidi alikuwa mwizi, kama walivyosema kwenye shamba la mkonge la Mnyuzi mwaka 1960 walipomfukuza, mkatoka na godoro moja na wewe una miaka tisa. Ukiificha, mwizi unakuwa wewe. Umeniuliza mimi, mtoto wa dereva wa gari lile, ninajua nini.

Ningekujibu siku ileile kama yule fundi asingekuwa amepita kwangu kwanza na kunivuruga akili. Anaitwa Janeth, anatoka Tanga, kazi yake ni kufufua magari ya kale. Amelinunua gari la bwana mkubwa, lile lililokuwa likioza kwenye banda nyuma ya korona, mashine ya kusaga mkonge. Nilimwambia basi limekwisha. Akacheka, akasema bodi yake ni ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, haijui kutu. Kilichooza ni mbao na viti tu.

Ni Pierce-Arrow ya mwaka 1919, Mhina. Waliolitengeneza ni watu wa mji wa Buffalo huko Marekani, ambao walianza kwa kutengeneza vizimba vya ndege, wakaja kwenye baiskeli, ndipo wakaingia kwenye magari ya matajiri. Walifunga mwaka 1938. Wakati sisi tunalitazama gari lile kwa hofu, kampuni yake ilikuwa imekwisha kufa zaidi ya miaka ishirini. Injini ina silinda sita, zimemiminwa mbili mbili, na kila silinda ina valvu nne. Na unakumbuka zile taa zilizochomoza kutoka kwenye madigadi ya mbele kama macho ya chura? Hiyo ilikuwa alama yao.

Hayo yote niliyapokea kwa furaha. Kilichonivuruga ni usukani.

Unajua baba yangu, mzee Nicolaus, alivyokuwa akijisifu. Alisema gari lile lilikuja na usukani kushoto, kama magari yote ya Marekani, na yeye kwa mikono yake aliuhamishia kulia. Nilipokuja kusoma vitabu nikathibitisha kuwa Wamarekani huweka usukani kushoto, basi nikazidi kumheshimu. Miaka sabini nimeisimulia habari hiyo, hata kwenye mazishi yake niliisema mbele ya padri. Janeth alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa adabu kwamba kampuni ile ilishikilia usukani wa kulia mpaka karibu mwaka 1920, wenzao wengine wakiwa wameuacha zamani. Kwao magari hupita kulia, basi walitaka dereva ashukie upande wa barabara ulipo ukingo, amfungulie bwana wake mlango. Alinionyesha picha kwenye simu, ubao wa mbele hauna hata tundu moja lililozibwa. Hakuna mtu aliyehamisha chochote.

Tangu hapo sijielewi. Nikimkasirikia baba, marehemu hajibu. Nikisema alikuwa anatania tu, mbona mimi mwanawe hakunikonyeza? Nimekaa na kalamu siku tatu nikijiuliza, kama usukani ulikuwa uongo, kipi kingine nilichokibeba nikidhani ni cha kweli. Ndipo nikaona kwamba namtafutia marehemu makosa ili nisifike kwenye langu.

Bibi yangu alipofariki mwaka ule wa 1960, unajua desturi, watani walikuja kuvuruga msiba. Baba yako aliwaongoza. Alivaa ovaroli ya baba yangu, akakalia kiti cha dereva bandani, akatangaza kwamba Wanyamwezi ni wapagazi, wamezoea kutembea, lakini bibi huyu amechoka, leo atapelekwa makaburini kwa gari na Mzigua ndiye ataendesha. Akataka nauli. Watu waliokuwa wakilia wakashika mbavu. Baba yangu alipomwambia ashuke, baba yako akachomoa hendeli, akaiweka begani kama bunduki na kuondoka nayo. Mali ya mtani haidaiwi kwa nguvu. Ilikuwa ikombolewe kwa jogoo siku ya kuondoa matanga. Jogoo alikuwa amekwisha kufungwa mguu uani kwetu, nilimfunga mimi.

Matanga hayajaondolewa, mnunuzi akaja kutoka Tanga kulitazama gari. Betri ilikuwa imekufa, na bila hendeli halikuwaka. Mnunuzi akaondoka zake. Meneja akawaka yeye.

Nilikuwa karani wa ofisi, miaka kumi na tisa. Asubuhi baba yako alipoitwa ofisini, baba yangu aliniita pembeni. Banda alilifungua yeye siku ya msiba bila ruhusa, na alijua likisemwa hilo kazi yake imekwisha. Aliniambia: "Ukifungua mdomo, godoro litakalotoka nje ni letu."

Baba yako aliingia ofisini bila wasiwasi wowote, kofia mkononi. Akaeleza kwamba hendeli anayo na itarudi ikikombolewa. Meneja alijua Kiswahili cha kutuma watu kazi tu. Akanigeukia mimi, akaniuliza hayo ya kukomboa ni nini. Baba yako naye akanigeukia, karibu acheke. "Karani, si ulikuwepo? Mweleze bwana."

Nikasema sijui.

Akavaa kofia yake, akatoka. Walipekua nyumba yenu hawakuona kitu. Barua ya kumfukuza niliiandika mimi, kwa mwandiko huu unaousoma. Na yule jogoo tulimla sisi.

Mhina, baba yako hakuiba. Alishika kitu cha utani akingoja kukombolewa, na akangoja mpaka anaingia kaburini, kwa kuwa watu wa kukikomboa tulinyamaza. Urafiki wako nimeula miaka yote hii nikiujua ukweli huo. Hata baba alipokufa sikusema.

Anayekuletea barua hii ni Salome. Mkononi ana jogoo mwekundu, amefungwa mguu mmoja. Nimemfunga mwenyewe. Ukimchinja, hendeli imekombolewa, mpe Janeth mbele ya watu na umwambie imetoka kwa nani na kwa desturi gani. Barua hii isomwe hapohapo kwa sauti, na jina langu lisirukwe. Ukimrudisha akiwa hai, nitaelewa, na sitakuuliza.

Nisalimie mama Mwantumu, Yusra na wote wa nyumbani. Salome nimemwambia asikuharakishe.

Mtani wako,
Gregori Nicolaus